Kuhama Evernote bila kupoteza tarehe, picha na lebo: njia niliyopita mimi

Mkuu, nimekuelewa hivi: una noti za miaka mingi kwenye Evernote, programu ya kutunza noti, nyingi zina picha na PDF, unataka kuzipeleka Obsidian, programu nyingine ya noti, unahofia zitafika zimevurugika, na unauliza kama ni lazima uharakishe. Hofu yako ina msingi. Maneno yenyewe huhama bila tabu. Vinavyopotea njiani ni tarehe, lebo, na kila noti ilikuwa kwenye daftari gani. Nitakaa zaidi hapo.

Kazi yangu ni kukusanya simulizi za wazee wa pwani, Pangani na Bagamoyo, kuhusu uvuvi na uundaji wa majahazi. Kwa noti za aina hii tarehe ni nusu ya ushahidi. Mzee mmoja akikueleza jambo mwaka 2014, na mwingine akasema kinyume chake 2019, lazima ujue nani alitangulia na kama wa pili alikuwa ameshazisikia habari za wa kwanza. Noti zote zikibeba tarehe ya siku ulipohama, kazi imeharibika hata kama hakuna neno lililopungua.

Ndiyo maana sikuzipeleka Obsidian moja kwa moja. Nilizipitisha kwanza Joplin, ambayo nayo ni programu ya noti, na leo mtu akiniuliza nitamwambia afanye vivyo hivyo. Obsidian huhifadhi kila noti kama faili la maandishi matupu, la Markdown. Hilo ni jambo zuri sana, maana faili hilo linafunguka kwa programu yoyote. Lakini tarehe ya faili huitunza kompyuta, haimo ndani ya maandishi. Ukinakili kwenye flashi au ukipandisha kwenye wingu, inaweza kubadilika. Obsidian wana kiongezi chao rasmi kiitwacho Importer kinachosoma faili za Evernote, na kwa mtu mwenye mapishi na orodha za manunuzi kinamtosha kabisa. Joplin nayo husoma faili hizohizo, hutunza tarehe kwenye hazina yake, kisha inakuruhusu kuzitoa kwa chaguo la "Markdown + Front Matter". Hapo kichwa, tarehe ya kuundwa, tarehe ya kurekebishwa na lebo vyote huandikwa juu ya noti yenyewe kama maandishi. Nakili mara mia, tarehe haiendi popote. Folda litakalotoka ndilo unalolifungua kwenye Obsidian. Picha zimo ndani yake, kwenye folda dogo la _resources, usilitenganishe na noti.

Sasa upande wa kutoka. Fanya kwenye kompyuta, kwa programu ya Evernote iliyosakinishwa, simu haitakusaidia. Toa daftari mojamoja kwa muundo wa ENEX, yaani muundo wa Evernote wenyewe wa kutolea noti, na faili ulipe jina la daftari lake. Faili la ENEX hubeba lebo na tarehe lakini halibebi jina la daftari. Joplin huchukua jina la faili na kulifanya daftari. Ukitoa kila kitu kwa mkupuo mmoja utapata rundo moja, na kulichambua upya ni kazi ya kukatisha tamaa.

Kabla hujatoa, pitia vichwa vya noti. Kama una noti zinazorejeleana kwa viungo, Joplin hujaribu kuviunganisha upya kwa kutazama vichwa, hivyo noti nne zenye kichwa "Mahojiano" zitaichanganya. Epuka pia tarehe za mikwaju kama 12/3/2016 kwenye kichwa, kwa sababu jina la faili haliruhusiwi kuwa na mkwaju. Andika 2016-03-12, na zitajipanga zenyewe. Maandishi uliyoyafungia kwa nenosiri ndani ya noti yafungue kwanza, vinginevyo hayatasomeka huko yaendako. Na hakikisha diski ina nafasi: ndani ya ENEX kila baiti 3 za picha huandikwa kwa herufi 4, hivyo mafaili huvimba kwa takriban theluthi moja.

Joplin itakuuliza ulete kama Markdown au HTML, muundo wa kurasa za wavuti. HTML hulinda rangi na majedwali magumu, lakini kwa kuwa unaelekea Obsidian, chagua Markdown. Noti chache zenye majedwali ya kutatanisha zitoe pia kama PDF uziweke pembeni.

Ukimaliza, usiridhike na idadi tu. Fungua noti ya zamani kuliko zote, kisha moja yenye picha nyingi, moja yenye sauti na moja yenye jedwali, uzilinganishe na asili zake. Mimi hapo ndipo nilipotumia muda mwingi, na sijuti.

Jambo moja utalikosa: Evernote hutafuta hadi maneno yaliyo ndani ya picha. Obsidian yenyewe haifanyi hivyo. Joplin ya kompyuta inaweza kusoma maandishi ya chapa kwenye picha ukiwasha kipengele hicho kwenye mipangilio. Kwa nyaraka zilizopigwa picha, mimi nimeibakiza Joplin kama ghala na Obsidian kama meza ya kuandikia.

Kuhusu swali lako kama uharakishe: Evernote walipopunguza huduma ya bure Desemba 2023 hadi noti 50 na daftari 1, walisema waliozidi wataendelea kuziona noti zao na kuzitoa. Kwa hiyo usikimbizane. Akaunti usiifute mpaka uwe umefanya kazi halisi na noti mpya kwa miezi kadhaa, na faili za ENEX zitunze kwenye diski ya nje hata baada ya hapo, zikiwa kama zilivyotoka.

Ukikwama, weka hapa ujumbe wa kosa kama ulivyo pamoja na toleo la programu, tutaangalia pamoja.