Fundi wa AC, uliza pesa inatoka lini kabla hujabeba mtungi

Wakala, yule wa kampuni ya kati anayechukua kazi hotelini, akikupigia simu kukupa kazi ya AC kule Kiwengwa au Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kabla hujamtajia bei yako muulize kitu kimoja tu, hoteli inakulipeni lini. Muulize kwa upole kama unauliza habari za nyumbani, halafu nyamaza umsikilize. Akikwambia "tunalipwa siku thelathini baada ya kupeleka invoisi" basi we hesabu arobaini na tano kwenda juu, maana ile pesa ikishaingia kwake ina wenyewe, mishahara ya watu wake, kodi ya ofisi, mafuta ya gari, ndo baadae anakumbukwa fundi. Na akianza kuzunguka, "aa sheikh wangu we fanya kazi pesa ipo", hilo nalo jibu.

Haya nawaandikia mafundi wenzangu tunaoingia mahotelini kwa kupitia kampuni za kati. Aliye na mkataba wake mwenyewe na hoteli ana shida zake nyengine. Sie tunasimama mwisho kabisa wa foleni, mgeni kalipa huko kwao Italia kwa kampuni ya safari, kampuni ya safari inailipa hoteli, mara nyingi mgeni keshaondoka zamani, hoteli inamlipa wakala, wakala ndo anatulipa sie. Kila mkono inapopita pesa inakaliwa kidogo, na wewe wa mwisho ndo uliyetoa pesa mfukoni kununua gesi.

Sasa kinachotuumiza hapa kwetu ni muhali, kuoneana haya. Wakala unamjua, mmesoma skuli moja, pengine mkewe na mkeo mtu na binamu yake, ukimwambia tuandikiane anakukata jicho "kwani huniamini?" na wewe unalainika pale pale. Mie jibu langu siku zote moja, namwambia nakuamini ndugu yangu, lakini aya ndefu kuliko zote kwenye Kurani ni Baqara 282, na inazungumzia deni liandikwe na liwe na muda wake maalumu, sasa mie na weye ni nani tusiandikiane? Hapo mtu wa Unguja hana pa kupitia. Anacheka, anaandika.

Na kuandika kwenyewe wala usijipe shida ya mkataba wa kurasa kumi. Wengi wetu hatuusomi na wakala nae hausomi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia, ilimradi una kazi, bei, tarehe, na yeye kajibu. Wangu unakuwa hivi:

"Assalam alaikum kaka. Kama tulivyozungumza, servisi ya AC 12, ufundi 480,000, vifaa 300,000. Vifaa nalipwa kabla sijatoka mjini. Ufundi nalipwa ndani ya siku 14 tangu meneja wa matengenezo asaini kuwa kazi imekwisha, hata kama hoteli bado haijakulipeni. Ukikubali nijibu ndio nianze kujitayarisha."

Maneno yenye vita hapo ni "hata kama hoteli bado haijakulipeni". Mawakala wengi wana mkataba wao wenyewe na ndani yake mna kimstari kinachosema fundi atalipwa mteja akishalipa, na kinakaa chini huko mahali ambapo mtu keshachoka kusoma. Ukisikia hivi unaona haki, kwani atatoa wapi pesa kama hajalipwa? Lakini hebu fikiri. Hoteli inaweza kumzuilia malipo yake kwa mambo yasiyokuhusu hata chembe, pengine mtu wake wa pampu za maji kaharibu kitu, pengine invoisi kapeleka ina makosa, pengine wanagombana kwa kazi ya mwaka jana. Kazi yako nzuri, vyumba baridi, wageni wamelala, na pesa yako imefungwa pamoja na ugomvi wa watu. Na hujui hata pa kwenda kuulizia maana hoteli haikujui, inamjua yeye.

Akikataa katakata kuyatoa hayo maneno, na wakubwa watakataa, usitoke mkono mtupu. Mwambie basi tuweke hivi, unanilipa hoteli ikikulipa au siku 45 zikitimia, lolote litakalotangulia. Hicho kidogo kinabadilisha kila kitu, kwa sababu sasa kuna tarehe, na deni lenye tarehe unaweza kulidai bila ya kuonekana mgomvi. Lisilo na tarehe kila ukipiga simu unaonekana una haraka. Mie nimeona wakala akikataa siku 14 kwa nguvu zote halafu akakubali hiyo ya 45 bila hata kufikiri, kwa hiyo wakati mwengine anza na 14 ukijua unakwenda wapi.

Vifaa usikubali kumkopesha mtu. Ufundi ni jasho lako unaweza ukasubiri, lakini mtungi wa gesi, kapasita, bodi, hivyo umenunua kwa pesa taslimu na duka halikusubirini. Kama hana adivansi basi anunue mwenyewe akuletee, wala huna haja ya kugombana. Na kotesheni yako, ile karatasi ya bei unayompa kabla ya kazi, iandike kwa shilingi, tangu 2025 kanuni zimekataza huduma za humu nchini kutajiwa bei kwa dola, lakini gesi inatoka nje na bei yake inapanda na kushuka na dola hivyo hivyo, kwa hiyo andika chini kwamba bei ya vifaa ni ya siku 14 tu, usije ukaitwa baada ya miezi miwili kwa bei ya zamani.

Kitu chengine kinachochelewesha malipo ni kazi iliyoongezeka ukiwa kule kule. Wanaofanya hoteli za pwani ya mashariki wananielewa. Umekwenda kwa servisi ya kawaida, unafungua mashine ya nje iliyoelekezwa baharini, zile bati nyembamba za alumini ukizigusa zinamomonyoka kama biskuti iliyotiwa chai, upepo wa chumvi ushazila zote na koili inavuja. Meneja kasimama hapo anakwambia fundi malizia tu, mgeni anaingia saa nane. Usimalizie tu! Piga picha, mtumie wakala, andika koili hii inataka kubadilishwa, bei yake hii, nasubiri jibu lako la ndio. Ndio ikija endelea. Ukifanya kwa maneno ya meneja wa hoteli, siku ya malipo wakala atakwambia mie sikukutuma, hoteli itasema sisi tulidhani imo kwenye servisi, na kwa sababu ya hiyo koili moja wanazuia invoisi nzima. Hapo ndo panapoudhi, deni dogo linazuia kubwa.

Karatasi nazo haraka haraka. Saini ya meneja wa matengenezo ichukue siku ile ile kabla hujafunga begi, ukiondoka bila saini unarudi kwa nauli yako. Namba ya LPO, ile karatasi ya oda ya kazi, iwe juu ya invoisi. Kama umesajiliwa ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, toa risiti yao ya kielektroniki, wahasibu wakikosa hiyo wanapata sababu nzuri sana ya kukuweka pembeni. Halafu ufundi na vifaa viandike mbali mbali, maana ile kodi ya zuio ya asilimia 5, anayoikata anayekulipa kabla hajakulipa, inakatwa kwenye huduma na ukichanganya watakukata hadi kwenye gesi. Wakikukata dai cheti chake, ni pesa yako hiyo inahesabiwa TRA.

Msimu pia uutazame. Kazi kubwa za AC hoteli zinazifanya masika, Aprili na Mei, wengi wamefunga au vyumba vitupu, kwa hiyo ndo wakati mzuri kwao kubomoa na kubadilisha. Lakini ndo wakati hawana pesa! Wageni wanarudi Juni, Julai, na pesa za hao wageni zinafika baadae tena. Fundi aliyefanya kazi Aprili kwa maneno ya siku thelathini, mara nyingi anaiona pesa yake Agosti. Kwa hiyo mie kazi za masika nataka nusu ya ufundi mbele pamoja na vifaa vyote, na bei naishusha kidogo kwa ajili hiyo, bora kidogo kilichomo mkononi. Kazi ya Disemba au Januari siwi mkali hivyo.

Siku ya kulipwa ikikaribia usingoje ipite. Siku tatu nne kabla mpigie mhasibu, sio bosi, muulize tu kama invoisi yako imefika na kama haina kasoro. Bosi atakwambia inshallah, mhasibu atakwambia haina namba ya LPO. Na ukikutana na yule meneja wa hoteli si vibaya kumuuliza kwa adabu kama washamlipa wakala, ila usimsengenye wakala wako kwake wala usijitie kuchukua kazi kwa mlango wa nyuma, Unguja ndogo hii. Ukishajua hoteli imelipa, mazungumzo yako na wakala yanakuwa mengine kabisa.

Kuna mafundi wakicheleweshewa wanarudi kimya kimya kung'oa bodi. Usifanye, deni lako linageuka wizi na wewe ndo utakaekaa polisi. Silaha yako ni kazi inayofuata. Akikupigia simu ana kazi nyengine ya haraka, na atapiga, mwambie nipo kaka, malizia ile ya Kiwengwa asubuhi nami mchana nipo njiani.

Na kama deni limeangukia Ramadhani, dai kumi la mwanzo. Ofisi zinafungwa mapema, kumi la mwisho kila mtu anadai pesa ya sikukuu na wakala hashiki simu, ukichelewa hapo ujue ni mpaka baada ya Idi.