Maswali ya Wasomaji: Marko, Jumapili hadi Jumapili

SWALI: Bwana asifiwe, wahariri. Mwinjilisti wetu kijana amerudi kutoka masomoni London. Tangu Januari anahubiri Injili ya Marko tu, hagusi kitabu kingine. Hapazi sauti, haiti watu mbele, na dakika 30 zikifika anakaa. Waumini wananung'unika kwamba hana upako. Je, huu ni utaratibu wa huko au ni wake mwenyewe? Na kama unafaa, sisi wahubiri tusiopita chuo tuufuateje? — Mzee wa kanisa, Igoma, Mwanza

JIBU: Asifiwe milele, mzee wetu. Si wake. Ni mahubiri ya ufafanuzi, yaani kukieleza kitabu cha Biblia fungu kwa fungu, na kwa Wakristo wa kiinjili wa Uingereza (wanaoshikilia Biblia na wokovu wa mtu binafsi) ndiyo chakula cha kila Jumapili. Charles Simeon alihubiri hivyo Cambridge kwa miaka 54, tangu 1782 hadi 1836. Martyn Lloyd-Jones, daktari aliyeacha hospitali akawa mchungaji, alianza Warumi mwaka 1955 katika ibada za Ijumaa pale kanisa la Westminster Chapel, London, na alipostaafu mwaka 1968 alikuwa amefika sura ya 14. Miaka 13 na kitabu hakijaisha! Huyo msimwige kwa mwendo. John Stott wa kanisa la All Souls na Dick Lucas wa kanisa la St Helen's Bishopsgate, wote wa London, ni miongoni mwa walioueneza mtindo huu kwenye parokia nyingi. Lucas alianza na wafanyakazi wa mabenki waliokuja kumsikiliza saa ya chakula cha mchana, watu wenye saa moja tu mkononi. Huenda ufupi ulitoka hapo. Dakika 30 ni desturi ya mji ule, haijaandikwa kwenye Maandiko, na makanisa ya Waafrika yaliyojaa London hiyohiyo huhubiri saa nzima na zaidi, kwa sauti ya juu.

Kwa hiyo acheni saa na sauti. Kinachofaa kuchukuliwa ni kimoja: andiko ndilo linaloamua mhubiri aseme nini. Mhubiri haji na neno lake kisha akatafuta aya ya kulipamba.

Chukueni Marko 4:35-41, dhoruba ziwani. Kwenye mimbari zetu fungu hili limeshazoeleka: kila mtu ana dhoruba yake, ada ya shule, ndoa, mkopo wa kikundi, na Yesu atazituliza. Sasa someni polepole mkiwa na kalamu. Neno "kuu" linatokea mara tatu: dhoruba kuu, shwari kuu, halafu hofu kuu. Hofu kuu inakuja baada ya ziwa kutulia! Wanafunzi wanamwogopa aliye chomboni kuliko walivyoogopa mawimbi, na fungu linafungwa kwa swali: "Ni nani huyu, basi, hata upepo na bahari humtii?" Mhubiri anayeishia kwenye ada ya shule ameliacha swali hilo bila kulifikisha kwa watu. Mvuvi wa Kirumba hahitaji kufundishwa dhoruba ni nini. Anahitaji kuulizwa yule aliyelala nyuma ya chombo ni nani.

Kazi ya wiki iwe hivi. Jumatatu soma fungu mara 10, bila kitabu cha maelezo, mara mbili kwa sauti. Andika maneno yanayorudiwa, nani anasema, kabla na baada ya fungu kuna nini. Jumatano andika sentensi mbili tu. Ya kwanza, mada: fungu linasema nini. Ya pili, lengo: Marko aliliandika ili msomaji afanye nini. Kwa fungu letu mada yaweza kuwa, "Aliyelala chomboni ndiye anayeamuru upepo na maji." Lengo: "Tuache kumbeba Yesu kama hirizi ya safari, tumwulize yeye ni nani." Ukishindwa kuziandika, hujalielewa fungu, rudi kusoma, usikimbilie mifano. Alhamisi ndipo ufungue kitabu cha maelezo, kama unacho, ili kikusahihishe. Ijumaa panga hoja mbili au tatu kwa mfuatano wa fungu lenyewe, kila hoja na aya yake. Jumamosi tafuta mifano na uhubiri peke yako huku saa ikienda. Jumla ni kama saa 8.

Kwa kuanza msichague Warumi wala Isaya. Yona ana sura 4 na aya 48: wiki 4, imeisha. Marko pia asihubiriwe mwaka mzima mfululizo. Kata baada ya wiki 8 au 10, ingiza Zaburi chache, kisha rudi.

Panapoharibika ni pawili zaidi. Kwanza, mahubiri yanageuka darasa: ramani, desturi za Wayahudi, maana ya Kiyunani, na mtu anatoka akiwa na maarifa bila kuguswa. Huenda ndilo linalowasumbua hapo Igoma, na hilo halitibiwi kwa kupaza sauti. Linatibiwa na ile sentensi ya lengo, ambayo wahitimu wengi huiruka. Pili, ni mkalimani. Kama ibada yenu hufasiriwa Kisukuma, dakika 40 zenu ni dakika 20 za maneno, hivyo hoja tatu zipunguzwe ziwe mbili. Tena mkalimani apewe fungu tangu Ijumaa. Aya ya 38 inasema Yesu alikuwa katika shetri, amelala juu ya mto. Shetri ni sehemu ya nyuma ya chombo, na mto ni ule wa kulalia kichwa. Mkalimani aliyeshtukizwa atawalaza watu juu ya Mto Simiyu.

Kuhusu kuita watu mbele, makanisa mengi ya kiinjili ya Uingereza hayaiti. Anayetaka kujua zaidi hualikwa kwenye kozi ya wiki kadhaa, kama Alpha iliyotoka Holy Trinity Brompton: chakula, somo fupi, kisha kikundi cha kuuliza chochote. Nyie endeleeni kuita, mradi mwito utoke kwenye fungu.

SWALI: Binti yangu amepata kazi ya uuguzi Leeds. Nasikia makanisa ya huko yamekufa. Atasali wapi? — Mama, Nansio, Ukerewe

JIBU: Mama, yamepungua, hayajafa. Sensa ya 2021 ya Uingereza na Wales ilionyesha waliojiita Wakristo ni asilimia 46.2, mwaka 2011 walikuwa 59.3. Lakini yapo makanisa yaliyojaa, mengi yakiwa na wanafunzi na wahamiaji.

Asichague kwa jina la dhehebu. Waanglikana wa huko ni wa kila namna, na tangu 2023 Sinodi yao Kuu, yaani baraza kuu la kanisa lao, ilipokubali sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, wa kiinjili wamo kwenye mvutano mkubwa. Asome tamko la imani kwenye tovuti ya kanisa, asikilize mahubiri matatu ya karibuni, aone kama Biblia inafafanuliwa au inatajwa tu. Kisha aulize kuhusu kikundi cha katikati ya wiki, watu 8 hadi 12 nyumbani kwa mtu. Huko ndiko atakakojulikana kwa jina. Chai ya baada ya ibada pekee haitoshi, watu hunywa wakaondoka. Kwa kuwa atakuwa na zamu za usiku, aseme mapema, la sivyo watadhani amepoa kiroho.

Mawili yasimshangaze. Akitaka kufundisha watoto ataombwa wadhamini na ukaguzi wa rekodi za jinai, na huenda akatakiwa cheti cha polisi cha Tanzania. Ni kanuni kwa kila mtu, si dharau. Na sadaka nyingi hupita benki. Akijaza fomu ya Gift Aid, na kama amelipa kodi ya kutosha, serikali huliongezea kanisa peni 25 kwa kila pauni. Pauni 20 zinakuwa 25 bila yeye kutoa zaidi.

SWALI: Shikamooni. Mhubiri kusoma karatasi ni kukosa Roho? — Kijana, Sengerema

JIBU: Marahaba. Hapana. Wengi wa huko huandika kila neno, na wanaponaswa ni pale macho yanapobaki chini. Andika yote, kisha panda mimbarini na ukurasa mmoja wenye herufi kubwa. Uwe karatasi, si simu: umeme wa Jumapili mnaujua wenyewe.