Shangazi, nukta ya mume wangu imeganda siku mbili

*Shangazi, mume wangu yuko Marekani, anatembea kwa miguu njia ya Appalachian kutoka Georgia hadi Maine. Ana kifaa cha setilaiti, nasi nyumbani tunaona nukta yake kwenye ramani. Siku hizi habari zake anazipata mama mkwe kwanza. Juzi nukta iliganda siku mbili kwenye mji mdogo wa jimbo la Virginia. Nikimuuliza, ananijibu kwa mkato. Naweka akiba ya nauli nimfuate. Nifanyeje?*

Pole, mwanangu. Kubaki peke yako na watoto miezi yote hiyo ni kazi nzito. Lakini barua yako ilikuwa ndefu kuliko nilivyoichapa, na kilichonishtua kimo kwenye kurasa ulizoandika harakaharaka. Unaamka saa nane usiku kutazama ramani. Siku ya mvua kubwa ulimtumia ujumbe kwamba bomba limepasuka na mtoto ana homa, "ili ajue". Ajue afanye nini, naye yuko mlimani?

Kifaa kile hutaka anga wazi. Chini ya miti iliyosongamana au ndani ya bonde, ujumbe huchelewa. Akikizima kutunza chaji, nukta inabaki pale pale. Na mtembeaji akikaa mjini siku mbili, anafua, ananunua chakula, anapumzisha magoti. Njia yenyewe ni kama kilomita 3,500, inapita majimbo 14, na karibu robo yake iko Virginia. Watu huchoka roho humo, siku zinafanana na mwisho hauonekani. Hapo ndipo ulipoona pa kumuuliza yuko na nani!

Mama mkwe kupata habari kwanza? Hata mimi ningemwambia yeye. Kwa maelezo yako mwenyewe, yeye humuuliza mwanawe amekula nini na miguu inaendeleaje. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Leo nakataa: mumeo hayupo, na lake nalitetea.

Ndoa za siku hizi zinaumwa ugonjwa huu wa kuchungana. Tunaona mtu alipo, basi tunadhani tunajua na moyo wake ulipo. Mwaka 1955 Emma Gatewood, mama wa watoto 11, akiwa na miaka 67, aliwaambia wanawe anakwenda kutembea tu, akaimaliza njia hiyo hiyo. Simsifu kwa kuwaficha. Ila mumeo hakukuficha kitu: uliikubali safari, na mkoba ulimfungashia wewe. Ruhusa uliyoitoa kwa mdomo wako unaidai irudi kwa nini?

Kubalianeni awe anapiga simu kila afikapo mjini. Kubalianeni pia kimya cha siku ngapi ndicho cha kuanza kuulizia. Kabla ya hapo ramani akae nayo mama mkwe. Vifaa vya aina ile huwa na kitufe cha dharura cha kuita waokoaji, hakingoji wewe ukeshe. Nauli hiyo ilipie karo ya watoto. Na bomba, mwite fundi.