Mama mkwe na mizuka ya Edinburgh

SWALI: Ndugu Mhariri, mama mkwe wangu atakuja kututembelea kutoka Tanga mwezi Desemba. Amesikia kwamba mjini Edinburgh kuna watu wanaowatembeza wageni usiku kwa malipo, wakiwasimulia habari za mizimu, naye ameshikilia kwamba lazima aende. Mume wangu anasema huo ni upuuzi. Mimi nahofia imani yake na magoti yake. Je, matembezi hayo yana lolote la maana?
Mkamwana, Glasgow

JIBU: Dada yangu, mpeleke, ila uchague vizuri wa kuwaongoza. Mimi nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza kiongozi wetu alikuwa na msaidizi aliyejifunika joho jeusi, ambaye kazi yake ilikuwa kuchomoka vichochoroni na kutupigia ukelele. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu nusura aanguke kwenye mawe yaliyolowa, na kufikia mara ya tatu hata watoto walikuwa wakimcheka. Ukimpeleka mama wa watu huko, mume wako atakuwa amesema kweli.

Mara ya pili kiongozi alikuwa mwanamke wa makamo asiyepaza sauti. Alitusimamisha katika makaburi ya Greyfriars, mbele ya kaburi lililofunikwa kwa tundu la vyuma vinene vyenye kutu, akatuuliza tulidhani limewekwa kumzuia nani. Mmoja wetu akajibu kwamba ni kumzuia maiti asitoke. "La," akasema, "ni kumzuia aliye hai asiingie." Ndipo akatueleza kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 walimu wa udaktari wa mji ule walihitaji maiti za kufundishia kuliko zile chache walizoruhusiwa na sheria, wakawa wananunua bila kuuliza zimetoka wapi, na wezi wakafukua makaburi usiku. William Burke na William Hare hawakujisumbua hata kufukua: mwaka 1828 waliua watu 16, wengi wao maskini na wapita njia, wakawauza kwa Dk. Robert Knox. Hare aliachiwa kwa kutoa ushahidi. Burke alinyongwa Januari 1829, naye akapasuliwa kama wale aliowauza, na mifupa yake ingali inatunzwa katika makumbusho ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. (Ndicho chuo alichosoma Mwalimu Nyerere kuanzia 1949 hadi 1952, jambo ambalo huenda mama akalipenda zaidi kuliko hiyo mifupa.) Hakuna aliyecheka pale makaburini.

Kutoka hapo huteremkwa kwenye vyumba vilivyo chini ya daraja la South Bridge. Daraja hilo, lililofunguliwa mwaka 1788, lina matao 19, lakini ni moja tu linaloonekana, kwa kuwa mengine yote yamezibwa na majengo yaliyopangwa kandokando. Mafundi na wenye vilabu vya pombe walivitumia vyumba hivyo hadi maji yanayovuja darini yakawashinda, wakahama, na mafukara wakaingia kuishi humo gizani. Watu wengi husema wamehisi baridi ya ghafla humo, au mtu aliyesimama nyuma yao. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Richard Wiseman aliwaingiza humo watu zaidi ya 200 na kuwataka waandike walichohisi. Vyumba vyenye sifa ya kutisha viliwasumbua zaidi hata wale wasioijua sifa hiyo, na yeye akakihusisha kisa hicho na mambo kama ukubwa wa chumba na kiasi cha mwanga.

Kuhusu imani, mimi si sheikh wala padri, lakini naona neno "mizimu" ndilo linalokutia hofu. Mama yako, kama mtu wa Tanga, bila shaka anajua kwamba watu hupeleka sadaka katika mapango ya Amboni. Mzimu kwetu una mahali pake, una heshima yake, na huendewa kwa haja. Wanachosimulia Waskoti ni mzuka, mtu aliyekufa vibaya ambaye inadaiwa huonekana akipita, na hakuna anayemwomba kitu. Kusikiliza hadithi yake si tambiko. Zipo, hata hivyo, safari nyingine za usiku ambazo wageni hupewa vifaa na kuhimizwa kuwaita hao wafu wajibu. Hizo mwepushe nazo, na usome maelezo vizuri kabla ya kulipa.

Magoti ndiyo shida halisi. Mji mkongwe umejengwa juu ya mgongo wa kilima, vichochoro vyake vingi ni ngazi tupu, na vyumba vya chini ya daraja sakafu yake haiko sawa. Waulize wahusika kabla ya siku yenyewe idadi ya ngazi, na kama kuna mahali pa kuketi. Desemba ina faida moja: jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo mnaweza kuchukua matembezi ya saa kumi na mbili jioni, giza likiwa limekwisha kuingia kabisa, na bado mkapata treni ya kurudi Glasgow mapema. Mvalishe viatu visivyoteleza na soksi mbili, na kanga yake aiweke juu ya koti, kwani upepo wa kule hupita hata kwenye vifungo.