Siku sita za "sawa"

Kwa siku sita mfululizo daftari la zamu la nyumba yetu ya watu wazima wenye ulemavu wa akili lilikuwa na neno moja tu mbele ya jina la mkazi mmoja: sawa. Mchana sawa, usiku sawa. Siku ya saba alirusha kiti, akaanza kujigonga kichwa ukutani, na mhudumu aliyemkimbilia akang'atwa mkono. Ni mtu mzima wa miaka 43, hasemi, na hadi siku hiyo hatukuwa na mpole kama yeye nyumbani.

Nilikuwa na miezi minne kwenye usimamizi. Nikaongeza mtu zamu ya usiku, nikatoa vitu vizito sebuleni, nikashika simu nimuulize daktari kama kuna dawa ya kumtuliza. Mama mmoja aliyemhudumia miaka tisa akaja kunisimamisha mlangoni.

"Dada, umemwona anavyokaa? Anakalia upande mmoja. Na hilo tumbo, hebu liguse."

Lilikuwa gumu kama ubao. Hakuwa amepata choo karibu wiki nzima, na sisi tuliokuwa naye usiku na mchana tuliandika sawa. Alitibiwa siku hiyohiyo. Hakurusha kiti tena.

Kama umekabidhiwa nyumba ya watu wazima wenye ulemavu wa akili au wa ukuaji, utafundishwa ratiba, bajeti na fomu za ukaguzi. Jifunze vyote. Lakini kitu cha kwanza cha kulinda humo ndani ni kule kuwajua wakazi, mmoja mmoja, kwa undani. Wengi wao hawawezi kukuambia panapouma. Wanaonyesha, na anayewafahamu ndiye anayeona.

Kwa hiyo mkazi akibadilika ghafla, anza na mwili. Angalia meno, masikio, mkojo, choo, hedhi, miguu ndani ya viatu. Ukishamaliza mwili ndipo uulize kuhusu hasira, kelele, mhudumu mpya au ndugu aliyeacha kuja. Na usikubali jibu la "ndivyo walivyo", hata likitoka kwa daktari. Daktari naye anaweza kuuona ulemavu akaacha kuuona ugonjwa. Nenda hospitali na tarehe zako mkononi: alikula kiasi gani, alilala saa ngapi, mara ya mwisho kupata choo ni lini. Mbele ya tarehe, ni vigumu mtu kukujibu juujuu.

Yanayowaua watu hawa mara nyingi huanza kimyakimya: kufunga choo, kupaliwa chakula kikaingia njia ya hewa, kukosa maji mwilini, kifafa, maambukizi yaliyoachwa hadi yakaingia kwenye damu. Kila mhudumu wangu anajua kwamba mtu akianguka kifafa saa itazamwe palepale, na degedege likifika dakika 5 ni dharura, hakuna kusubiri kuona. Wenye ugonjwa wa Down, hali ya kuzaliwa nayo inayogusa akili na mwili, nawafuatilia zaidi tezi ya shingo na masikio, na wakivuka miaka 40 naangalia kumbukumbu, kwa sababu ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu polepole, huwawahi mapema kuliko watu wengine. Mtu wa miaka 47 aliyesahau njia ya bafuni nyumbani kwake mwenyewe, usimwite mkaidi.

Neno "sawa" tulilipiga marufuku daftarini. Siku hizi tunaandika: amekula nusu, amekunywa vikombe vitatu, choo hakuna, ameamka saa tisa usiku akakaa kitandani. Kila mkazi pia ana ukurasa wake unaoeleza anavyosema ndiyo, anavyokataa, anavyoonyesha maumivu. Mmoja akishika sikio la kushoto maana yake nitoeni hapa. Mwingine akinung'unika wimbo kabla ya kulala, siku yake imekuwa njema. Akilala kimya, ulizia nini kimetokea. Mhudumu mpya husoma kurasa hizo kabla ya zamu yake ya kwanza. Makabidhiano ni dakika 15, wanaotoka na wanaoingia wakiwa pamoja, na dakika hizo zinalipwa. Nilizipigania sana. Niliambiwa ni gharama, nami nikalipeleka lile daftari la siku sita mezani.

Wahudumu wakiondoka ovyo, maarifa haya yote huondoka nao. Sina uwezo wa kupandisha mishahara nitakavyo. Ninachoweza ni kutoa ratiba mwezi mzima mapema na kuiheshimu, kukesha zamu nzima mwenyewe mara moja kwa mwezi, na kuchukua hatua mhudumu anaponiambia kitu, hata akiwa amekosea. Anayepuuzwa mara tatu, mara ya nne hasemi. Fedha za wakazi zihesabiwe na watu wawili kila zamu, risiti zikae. Na malalamiko ya unyanyasaji yawe na njia isiyopitia kwako, maana siku moja anayelalamikiwa anaweza kuwa wewe.

Halafu kuna jambo la watu kuwaita wakazi wetu "watoto". Mtu ana mvi! Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unasema katika Ibara ya 19 kwamba wana haki ya kuchagua waishi wapi na nani, kwa usawa na wengine. Kwetu ina maana tunabisha hodi na kungoja kabla ya kuingia chumbani, na mkazi mpya hahamii mpaka atutembelee mara kadhaa na wenyeji wamemkubali.

Ina maana pia kuruhusu mtu ajaribu. Mkazi wetu mmoja alitaka kunyoa ndevu mwenyewe. Wahudumu waliogopa, nami niliogopa. Siku ya kwanza alisimama mbele ya kioo dakika 40, povu hadi kwenye nyusi, mhudumu amesimama pembeni na mikono nyuma. Wiki ya pili akajikata kidevuni. Kaka yake alinipigia kwa ukali, nikamsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwomba aje asubuhi moja atazame. Alikuja. Sikuongeza neno.

Yule mama alistaafu mwaka jana. Wakazi wetu wamezoea kuachwa bila kuagwa. Mhudumu yupo leo, kesho hayupo, na hakuna anayewaeleza. Nilimwomba atumie wiki yake ya mwisho kuaga, chumba hadi chumba. Kwa bwana yule wa tumbo alikaa karibu saa nzima, hawasemi kitu, amemshika mkono. Alipotoka alikuja ofisini akaniomba ukurasa wake. Akavaa miwani, akaongeza mstari mmoja chini kabisa: "Akikupa mgongo asubuhi, usimfuate. Kaa karibu. Atageuka mwenyewe."