Nimechaguliwa kijijini, sasa jumuiya inaniangalia kwa jicho la pembeni

SWALI: Mhariri, tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa miaka 43, mkazi wa kijiji cha mwambao wilayani Magu, mchuuzi wa dagaa na mhazini wa jumuiya yetu ndogo ndogo kwa mwaka wa saba sasa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 nilichaguliwa kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji kwa kundi la wanawake. Tangu hapo baadhi ya wanajumuiya wanasema kwamba siasa ni uchafu, na kwamba siwezi kushika mfuko wa Mungu huku nimebeba kadi ya chama. Nako kwenye vikao vya kijiji sisi akina mama tunaachiwa kazi ya chai, na nikinyoosha mkono naambiwa muda umekwisha. Mume wangu hanizuii, ila ananishauri niepukane na kelele. Nifanye nini? Wabeja.

JIBU: Milele amina, dada. Tuanze na hao wa jumuiya, kwa sababu ndio wanaokuumiza zaidi, ingawa hoja yao ni nyepesi. Sheria ya Kanisa Katoliki, katika kanuni ya 285, inawakataza mapadre kushika vyeo vya utawala wa umma, na katazo hilo linawagusa pia watawa. Halimgusi mlei, yaani muumini wa kawaida asiye padre wala mtawa. Wanaokuambia uchague kati ya Ekaristi na kikao cha kijiji wamechanganya kanzu ya padre na kitenge chako.

Hata hivyo, kuhusu mfuko nitakuwa upande wao kidogo, na usinikasirikie. Ningekuwa wewe, ningeukabidhi uhazini kwa mwenzangu kwa kipindi hiki chote cha miaka mitano, hesabu zikasomwa mbele ya jumuiya nzima hadi shilingi ya mwisho, kisha nikabaki mwanajumuiya wa kawaida. Kushika nafasi zote mbili si dhambi, ila siku shilingi elfu kumi zitakapopungua kwenye sadaka, hakuna atakayeuliza kama ulikosea kujumlisha. Watasema zimekwenda kwenye chama. Kwa sababu hiyo hiyo, sare ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, isionekane kwenye mkutano wa chama, wala salamu za mgombea zisipenye kwenye matangazo ya jumuiya. Katiba yetu yenyewe, ibara ya 20, inakataza kusajili chama chenye lengo la kukuza maslahi ya dini fulani.

Sasa tuje kwenye chai. Nafasi uliyo nayo si hisani ya mwenyekiti. Sheria ya mwaka 1982 inayosimamia mamlaka za wilaya imeweka halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na utaratibu unataka angalau robo yao wawe wanawake. Chai na ipikwe, lakini zamu ipangwe kwa wajumbe wote, mwenyekiti akiwemo. Akikataa, kikao kinywe maji.

Usisubiri kunyoosha mkono mwishoni, wakati watu wanatafuta kandambili zao. Hoja yako iandike kwenye karatasi, umpelekee mtendaji wa kijiji siku kadhaa kabla ya kikao, kwa kuwa yeye ndiye katibu na ndiye anayeandaa ajenda. Waeleze mapema akina mama wawili unaowaamini, ili ukimaliza kusema mmoja aunge mkono na mwingine aombe hoja iingizwe kwenye muhtasari. Neno lisiloandikwa kwenye muhtasari ni kama halikusemwa.

Omba pia kuingia kwenye kamati ya fedha, uchumi na mipango, ambayo ni mojawapo ya kamati tatu za kudumu za kijiji. Watataka kukuweka kwenye kamati ya huduma za jamii kwa sababu wewe ni mama, nawe uwaoneshe daftari lako la jumuiya: tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka, salio, na sahihi ya watu wawili chini ya kila ukurasa. Miaka saba umefanya hivyo kwa sadaka za Jumapili. Taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji ina safu hizo hizo, na inapaswa kusomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao hukutana kila baada ya miezi mitatu na ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 ni mjumbe wake. Wewe unayelipa ushuru wa gunia la dagaa pale mwaloni, samaki wanaposhushwa, una haki ya kuuliza ni kiasi gani kinachorudi kijijini, na kwa nini bado mnaanika mchangani badala ya kwenye chanja.

Kuhusu ardhi uwe macho zaidi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kiwanja cha mwambao kikigawiwa usiku, asubuhi mjane hana pa kuanika.

Mume wako mpe muda, na siku za kikao mwachie chakula. Ng'ambo ya Ghuba ya Speke, kisiwani Ukerewe, alizaliwa Gertrude Mongella, aliyesomeshwa na masista wa Kikatoliki na baadaye akawa katibu mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing wa mwaka 1995. Nadhani naye aliambiwa habari za kelele.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa madrasa, mkazi wa Nyamagana. Naomba kujua kama mwanamke anaweza kugombea uongozi wa mtaa bila kuwa mwanachama wa chama chochote. Sitaki vyama.

JIBU: Kwa sasa haiwezekani, kwani mgombea lazima adhaminiwe na chama cha siasa, hata katika ngazi ya mtaa. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikampa ushindi mwaka 2013, lakini sheria zetu hazijabadilika. Hata hivyo, mkutano mkuu wa mtaa hauulizi kadi ya chama, wala huihitaji ili uingie kwenye kamati ya shule anakosoma mwanao. Anza na kamati ya shule. Vyoo vya wasichana havina chama, na mwalimu wa madrasa anayejua kila mzazi wa mtaani kwa jina atasikilizwa kuliko wagombea wengi.