Mali kauli, korosho na mahakama: ushauri kwa wenzangu wenye maduka

Huku kwetu Masasi hakuna duka linalosimama bila kukopesha. Korosho zikishauzwa na pesa ikishaisha mifukoni, watu bado wanajenga, bado wanaezeka, na hakuna atakayesubiri mnada wa Oktoba nyumba yake ikinyeshewa. Mteja anachukua bati leo, anakwambia "zikitoka nakuja", na wewe unajua ukimkatalia anavuka barabara kwa jirani. Hiyo ndiyo mali kauli yetu. Simwambii mtu aiache, maana hata mimi siiachi. Nawaombeni jambo moja tu: jueni kwamba kesi ya deni inaamuliwa siku mzigo unapotoka dukani. Hakimu anakuja baadaye kusoma mlichokiandika, na kama hamkuandika kitu hana cha kusoma.

Nauza vifaa vya ujenzi: bati, saruji, nondo, misumari. Nilikuwa na mteja, fundi wa kuezeka, aliyezoea kuchukua mzigo kwangu na kulipa kidogo kidogo. Msimu mmoja deni likafika milioni nne na ushee, simu zikaacha kupokelewa. Nilipompata akasema mzigo ulikuwa wa mwenye nyumba, eti huyo ndiye nikamdai. Mwenye nyumba naye akaapa kwamba alishamlipa fundi kila kitu.

Ushauri wa kwanza nilioupata sokoni ulikuwa polisi. "Mama, mlaze ndani siku mbili tu, ndugu zake watachanga." Nilikataa, na ningependa kila mwenye duka akatae. Deni ni shauri la madai. Kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu lipo kwenye Kanuni ya Adhabu, lakini linataka uongo uwe juu ya jambo lililopita au lililopo sasa. Mtu akija akisema ametumwa na mwalimu mkuu kuchukua saruji ya shule, na kumbe hakutumwa, huyo amedanganya kuhusu jambo lililopo. Anayesema "nitakulipa korosho zikitoka" ametoa ahadi ya mbele, na ahadi iliyovunjwa haitoshi kumfanya mtu mhalifu. Kesi ya jinai ya namna hiyo ikifika mahakamani, mara nyingi mshitakiwa anaachiwa, nawe unarudi nyumbani bila pesa yako. Tena anaweza kugeuka akakudai fidia kwa kumshitaki kwa nia mbaya. Halafu tukumbuke tunaishi wapi. Mtu uliyemlaza ndani ndiye mtakayekutana naye msibani wiki ijayo.

Nilikwenda Mahakama ya Mwanzo. Wengi tunaidharau, tunadhani ni ya mirathi na ugomvi wa majirani. Kumbe sheria inairuhusu kusikiliza madai ya deni la mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, na madeni yetu mengi yanaishia humo. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili. Si lazima uwe na wakili. Miaka na miaka mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama Mahakama ya Mwanzo, mpaka marekebisho ya 2021 yalipowaruhusu pale anapokaa hakimu mkazi. Unaeleza madai yako, unalipa ada, mdaiwa anapelekewa wito.

Siku ya kusikilizwa, fundi alikana sahihi. Hakimu akaitaka kaunta buku yangu, si nakala, yenyewe, akaanza kuifunua taratibu ukurasa kwa ukurasa kuanzia mwanzo wa mwaka. Kila mzigo ulikuwa na mstari wake: tarehe, bati ngapi, geji gani, urefu gani, bei, nani kapokea, na siku aliyoahidi kulipa. Alipofika kwenye mzigo mkubwa akasimama. "Huu mwandiko ni wa nani?" Ulikuwa wa kijana wangu wa dukani, kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa siku ile mimi nilikuwa Mtwara kufuata saruji. Hakimu akauliza kijana yuko wapi. Alikuwa ameshahamia Dar es Salaam.

Nilimtumia nauli akaja. Kuna hukumu ya Mahakama Kuu ya 1984 inayonukuliwa mpaka leo katika mashauri ya madai, na ndani yake kuna mambo mawili ambayo mfanyabiashara anapaswa kuyajua kama anavyojua bei ya mfuko wa saruji. La kwanza, pande mbili haziwezi kutoka sare: anayeshinda ni yule mwenye ushahidi mzito kuliko mwenzake. La pili, ukishindwa kumleta shahidi muhimu bila kutoa sababu, mahakama inaweza kuamini kwamba angekuja angesema kinyume na maneno yako. Kwa hiyo yule kijana aliyeandika kwa kalamu nyekundu alikuwa na thamani kuliko majirani kumi ambao wangesema "huyu mama tunamfahamu, hasemi uongo". Alieleza alivyohesabu bati, kirikuu iliyobeba, na fundi alivyoegemea kaunta akasaini. Alipoulizwa maswali hakubabaika.

Kilichommaliza fundi, kwa maoni yangu, ni simu. Alikuwa amenitumia M-Pesa mara kadhaa kupunguza lile deni alilosema si lake. Nilichukua taarifa ya miamala kwenye ofisi ya mtandao, nikaipanga sambamba na jumbe zake: "Mama nimekutumia laki mbili, ya bati nyingine mwezi ujao." Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inasema ushahidi haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ila lazima ionekane kwamba haukuchezewa. Usifute jumbe, usibadilishe simu ukaitupa ya zamani, na usitegemee picha ya kioo cha simu (screenshot) peke yake kama simu yenyewe unayo. Malipo ya sehemu yana faida nyingine pia. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na mdaiwa akilipa kiasi kabla muda haujaisha, hesabu ya muda huanza upya.

Sasa hili la tarehe. "Korosho zikitoka" si tarehe, na wa kusini tulifundishwa hivyo vibaya mno msimu wa 2018. Serikali ilipoingia kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya, uhakiki na malipo vilichukua miezi. Wakulima walikuwa na korosho ghalani na hawakuwa na pesa. Wenye maduka wengi walikuwa na madaftari yaliyojaa "atalipa msimu". Mdaiwa anasema msimu wangu haujafika, sijalipwa. Wewe unasema msimu umepita. Sheria ya Mikataba inasema pasipotajwa muda, jambo litimizwe ndani ya muda unaofaa, lakini muda unaofaa ni upi? Hapo ndipo kesi inapopoteza miezi. Andika hivi: "nitalipa ifikapo tarehe 31 Desemba, iwe korosho zimelipwa au hazijalipwa." Mteja mwaminifu hatakataa. Mara nyingi yeye mwenyewe anasogeza tarehe mbele, anasema "weka Januari, mama, nisije nikakuangusha", na hapo mnakuwa mmekubaliana kweli.

Kuna kundi la wenzetu nawahurumia kwa sababu hakuna mahakama ya kuwasaidia. Anayetoa pesa au sembe kiangazi ili alipwe korosho kwa bakuli, ile kangomba, anafanya biashara iliyopigwa marufuku. Sheria ya Mikataba inasema makubaliano yenye lengo lisilo halali ni batili, na batili haidaiwi. Unaweza kuwa na karatasi yenye sahihi tano na muhuri wa mtaa juu yake, hakimu akaiweka pembeni. Wanaokopesha kwa riba za kausha damu nao wako kwenye hatari hiyo hiyo, kwani Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mwenye biashara ya kukopesha awe na leseni. Kuuza bati kwa mkopo ni biashara yako halali. Ukianza kugawa fedha taslimu na kuvuna riba, umehama.

Kuhusu fidia, msijaze madai kwa hasira. Mwenzangu wa Ndanda alidai deni lake halali, akaongeza "hasara ya biashara" mara mbili ya deni lenyewe. Deni alipewa, hasara hakupewa hata shilingi, kwani hakuwa na hesabu ya kuonyesha. Mahakama ya Rufani ilishasema 1992 kwamba hasara maalumu lazima itajwe waziwazi na ithibitishwe. Kama uliajiri gari kumfuata mdaiwa, weka risiti. Kama huna risiti, dai kile ulicho nacho.

Fremu, yaani vyumba vya maduka tunavyopanga, nazigusa kidogo. Mkataba wa pango unalipiwa ushuru wa stempu TRA, asilimia 1, na hati isiyolipiwa ushuru haipokelewi kama kielelezo mpaka ilipiwe. Mwenye fremu anapokubadilikia, hutaki kuanza kuhangaikia stempu. Na kwa wenye wafanyakazi: ukimwachisha mtu kazi na akaona umemwonea, ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Wito wa CMA usiuache mezani ukidhani ni maneno ya kijana mwenye kinyongo. Usipokwenda, watasikiliza upande mmoja.

Nirudi kwenye deni, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapovunjika moyo. Nilishinda, na siku ile ile nikagundua jinsi wengi wetu tunavyodhani hukumu ni pesa. Mahakama haimfuati mdaiwa nyumbani kwa hiari yake. Ni wewe unayeomba kukazia hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu ya mahakama, na ombi hilo linataka ujue mdaiwa ana nini. Mali inayokamatwa inakamatwa na kuuzwa kwa utaratibu wa mahakama. Si kazi yako, na si kazi ya vijana wa bodaboda uliowapa elfu kumi. Tena si kila kitu kinachokamatika: nguo zake, vyombo vya kupikia, kitanda, zana anazofanyia kazi, sheria inamwachia. Fundi wangu alikuwa na pikipiki na kiwanja ambacho hakijajengwa. Nilivijua tangu zamani, kwa kuwa mteja wa mali kauli unapaswa kumjua anakaa wapi na ana nini kabla hujampa mzigo. Nilivitaja vyote viwili.

Jamaa aliposikia kiwanja kimetajwa, akaja dukani na baba yake mdogo, mtu mzima wa heshima. Mzee akaketi kwenye benchi, akaanza na salamu ndefu za nyumbani, akauliza hali ya mama yangu, halafu akasema, "Binti yangu, huyu amekosa, na mahakama imesema. Tunaomba tulipe kwa awamu." Nilikubali. Wapo walioniona mjinga, kwamba ningeuza kiwanja nikamaliza. Mimi nilitaka pesa yangu, na kiwanja cha mtu mnadani huuzwa kwa bei ya kutupa na kuacha uhasama wa vizazi. Ila sikukubali kwa mdomo. Tulikwenda wote mahakamani, tukaandikisha kiasi cha kila awamu na tarehe zake kwenye jalada, pamoja na maneno kwamba awamu moja ikirukwa, ukazaji wa hukumu unaendelea palepale.

Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na kutoka hapo siku nyingine 30 kwenda Mahakama Kuu, ambayo kwetu iko Mtwara mjini, karibu kilomita 200 kutoka Masasi. Omba nakala ya hukumu siku hiyo hiyo inaposomwa, uwe umeshinda au umeshindwa. Kama gharama ya wakili ni kikwazo, waulizie wasaidizi wa kisheria kupitia halmashauri. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wengine wanaandika barua ya madai vizuri kuliko tunavyodhani. Mwenye simu ya intaneti anaweza pia kusoma hukumu za mahakama zetu bure kwenye TanzLII. Nyingi ziko kwa Kiingereza, lakini za Kiswahili zinaongezeka tangu sheria ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Fundi alilipa awamu zote. Ya mwisho aliileta mwenyewe mkononi, nikamwandikia risiti, kisha tukarudi kwa karani wa mahakama kuandikisha kwamba deni limekwisha. Hilo nalisema kwa wanaodaiwa pia, maana sisi wenye maduka nasi tunadaiwa na wenye jumla. Malipo unayofanya nje ya mahakama baada ya hukumu yaandikishwe kwenye jalada mapema, na risiti itunzwe. Jalada likibaki wazi, siku mdai akifariki au duka likibadilisha mikono, atakayerithi anaweza kuja na hukumu ile ile mkononi, na wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha kwamba ulishalipa.